Mtutu wa Akiba

2 Machi
Mvua imeanza leo asubuhi bila hodi. Babu Mafuta amenipa daftari la zamani la kuandikia kutu ya silaha, ambalo lina kurasa nyingi tupu huku nyuma, akasema, "Andika humo. Masika haya usipoandika, utasahau nini kimeota kutu na lini." Babu Mafuta ndiye fundi mkuu wa silaha hapa kambini. Si babu yangu wa damu, ila amenifundisha kazi miaka kumi na moja, na ananuka mafuta ya bunduki hata akiwa ametoka kuoga.

Basi mbele naandika kutu ya serikali, nyuma naandika yangu. Mimi ni fundi silaha na mtunza ghala. Askari wananiita Dada Makufuli. Najua, wala sinuni. Mlango wa ghala una makufuli matatu na funguo zote ninalala nazo.

3 Machi
Mvua. Kutu hakuna.

4 Machi
Meja ameniita ofisini. Meja ni mkuu wetu, mtu wa maneno machache na kalamu nyingi mfukoni. Makao makuu wanataka ripoti ya bombomu zote tulizonazo, bunduki za kufyatua mfululizo, za zamani na za sasa: kila moja ubora wake, udhaifu wake, ipi itunzwe na ipi iyeyushwe. Nimepewa hadi mwisho wa Aprili. Ila kuna jambo la kabla ya hapo.

"Lindo la darajani linaongezewa nguvu," akasema. "Askari tisa, bombomu moja. Wenye silaha wa ng'ambo ya mto wameonekana mara mbili. Nataka uniambie iende ipi."

"Unataka jibu lini, afande?"

"Juzi," akasema, na huo ndio utani wake wote wa mwaka huu.

Nje nilimkuta Kitinda amelowa chapachapa, anatabasamu mdomo mzima. Kitinda ni mdogo wangu, wa mwisho kwa Mama. Nilimbeba mgongoni wakati mimi mwenyewe bado nafutwa kamasi. Ni askari wa mwaka wa pili. "Dada, nimechaguliwa kwenda darajani," akasema. "Mimi ndiye mpiga bombomu." Alivyolitamka ungedhani amepata mchumba. Nikampa hongera.

5 Machi
Tuna aina tatu ghalani, na zote tumezipa majina.

Bibi ndiye wa kale. Amevaa bomba nene linalojazwa lita nne za maji ili mtutu usiungue, anakaa juu ya miguu mitatu ya chuma, na kumhamisha kunataka watu wenye mgongo na subira. Risasi zake zimeshonwa kwenye mkanda wa nguo. Shangazi alimfuata: mwepesi kidogo, na kasha lake la risasi linakaa juu, kama mtu aliyejitwika mzigo kichwani. Mwali ndiye wa sasa. Mtu mmoja anambeba begani na kuondoka naye.

Babu Mafuta anawapenda wote ila Mwali anamwita "yule msichana". Hakuna chuki. Ni wivu wa mzee tu.

6 Machi
Leo tumezijaribu zote tatu uwanja wa shabaha, katika mvua hiyohiyo, maana darajani hawatapewa jua.

Shangazi kapiga vizuri kuliko wote. Risasi inakwenda ulikoielekeza. Lakini kasha lina risasi thelathini tu, ukishaanza kuizoea sauti yake amenyamaza, anadai kasha jingine. Babu anasema Shangazi anasema kweli lakini kwa kifupi.

Mwali kapiga risasi mia mbili mfululizo hata sijavuta pumzi. Baada ya hapo mtutu wake ulikuwa wa moto kiasi kwamba mvua ikiugusa inafanya tss. Hapo ni lazima uuchomoe uweke wa akiba. Ukiendelea nao, vyuma vinavimba na maganda yanang'ang'ania ndani. Kitinda ndiye aliyekuwa anambadilishia mtutu. Alivaa glavu nene, akashika mpini, akazungusha, akachomoa, akachomeka mwingine. Nikampima kwa saa: sekunde sita. "Mara nyingine nitafanya kwa tano," akasema.

Bibi alitusumbua mwanzoni. Mkanda wa nguo ulikuwa umevuta unyevu, ukakwama mara mbili, Babu akamtukana na kumbembeleza kwa pumzi moja. Alipokubali, hakuacha tena. Mkanda wa kwanza, wa pili, wa tatu. Maji yakachemka, mvuke ukapita kwenye mpira hadi kwenye debe, Babu akaongeza maji kwa kikombe, na Bibi akaendelea na kasi ileile, bila haraka na bila kuchoka. Mwishoni Babu alichota maji ya moto humo akakoroga chai. Ikanuka risasi. Tukainywa.

Lakini niseme ukweli wangu hapa nyuma ya daftari. Mwali alinitisha kwa kelele zake. Bibi alinitisha kwa kuwa hakuonyesha dalili yoyote ya kutaka kupumzika.

8 Machi
Nimegombana na Babu Mafuta, tukiwa tumekaa kila mmoja na kitambaa chake cha mafuta.

"Lindo ni la kukaa mahali pamoja," akasema. "Hakuna anayekimbia na bombomu darajani. Mto uko miguuni, maji ya kupoza hayaishi. Pale panamtaka Bibi. Yule msichana ni wa watu wanaotembea."

"Mikanda ya nguo je, na mvua hii?"

"Itaanikwa jikoni, juu ya moto."

"Na watu sita wa kumhudumia? Wako tisa, Babu. Wakizidiwa nguvu wakatakiwa kuondoka, nani atabeba chuma chote kile?"

Akaacha kufuta. "Ahaa. Wewe unawaza kuondoka."

"Namwaza Kitinda akiondoka."

"Basi usiseme umelinganisha bunduki," akasema taratibu. "Umelinganisha ndugu yako akiwa hai na ndugu yako akiwa amekufa. Si vibaya, lakini usiandike kwamba ni ufundi."

Nimempelekea Meja karatasi. Nimeandika Mwali. Nimeandika kwamba ni ufundi.

10 Machi
Wameondoka saa kumi na mbili asubuhi, mvua inanyesha kama inalipiza kisasi. Lori lilikuwa linanguruma, sajini wao anapiga kelele, watu wanatia sahihi kwa kalamu iliyolowa. Nimemkabidhi Kitinda Mwali kwa mikono yangu, na mfuko wake wa vifaa, mzito, umefungwa kamba.

"Usishikilie kidole," nikamwambia. "Fyatua kidogo, achia, chuma kipumue, kisha tena. Umenisikia?"

"Nimekusikia, Mama wa pili."

"Na ule."

"Nitakula, Dada. Watu wanatuangalia."

Nilisimama getini mpaka mlio wa lori ukaisha. Halafu nikarudi kufunga makufuli, moja, mbili, tatu.

11 Machi
Mvua. Kutu moja, kwenye mguu wa Shangazi.

12 Machi
Mvua. Redio ya lindo imeita mchana: wamefika, mto umejaa, wako salama.

14 Machi
Mvua kutwa. Nimeanza kuandika jedwali la ripoti. Nimepiga mstari katikati ya ukurasa: Ubora huku, Udhaifu huku. Kazi inatuliza moyo. Bibi: anapiga saa nyingi bila kuchoka, mzito, anataka maji, mvuke unamfichua. Shangazi: shabaha njema, hana ukaidi, risasi chache. Anayefuata ni Mwali.

15 Machi
Mvua. Hakuna jipya.

17 Machi
Nitaandika kama ilivyokuwa.

Leo saa tano asubuhi nilikuwa kwenye safu ya Mwali. Upande wa Ubora nikaandika: "Mtutu hubadilishwa kwa sekunde sita." Kalamu ikasimama hapo. Mtutu gani?

Niliweka kalamu nikaenda ghalani. Sikukimbia, kwa sababu nilikuwa najua tayari. Rafu ya chini, upande wa kushoto, ndani ya karatasi ya grisi. Mtutu wa akiba wa bombomu ya Kitinda. Namba yake ni ileile iliyoko kwenye bombomu aliyoondoka nayo. Umelala pale kama mtoto.

Kanuni ni yangu mimi. Miaka miwili iliyopita, kwenye mazoezi, mtutu mmoja wa akiba ulipotea porini. Nikahojiwa wiki tatu. Waliniuliza maswali yaleyale kila asubuhi mpaka nikaanza kushuku kwamba labda niliuuza kweli. Uliokotwa na mchunga mbuzi, nikaachiwa, na siku hiyohiyo nikaandika kanuni: mitutu ya akiba haitoki ghalani na bombomu yake. Inatoka kwa fomu yake, yenye sahihi ya Meja, siku yake. Nikaiweka mbali na bunduki zake, kwenye rafu ya chini. Hapo ndipo jina la Makufuli liliponinatia. Tangu hapo hakuna mtutu uliopotea. Sifa zote zilikuwa zangu.

Na siku ile ya tarehe kumi hakuna aliyejaza fomu ya pili, kwa kuwa hakuna anayeikumbuka ila mimi, na mimi siku hiyo sikuikumbuka. Mfuko ulikuwa mzito kwa sababu ya vifaa na ile glavu. Nimempa ndugu yangu glavu ya kushikia kitu ambacho hana.

Bombomu ya sasa bila mtutu wa akiba ni nusu ya bombomu. Inapiga mia mbili, mia tatu ukibahatika, kisha inakuwa fimbo ya moto. Nilimnyima Bibi asiyechoka, nikampa Mwali, halafu nikamfungia Mwali pumzi yake rafuni.

Nikiisema, ni mahakama ya kijeshi. Nisipoisema, ni Kitinda. Nimeandika sentensi hizo mbili nikidhani zitachagua zenyewe.

18 Machi
Mvua. Sikusema.

19 Machi
Mvua. Kutu tatu. Nilifika mpaka mlangoni kwa Meja, nikasikia anacheka na mtu ndani, nikarudi. Sikusema.

20 Machi
Nimekwenda nyumbani kwa Mama. Paa linavuja sehemu mbili, ameweka sufuria, ndani ya nyumba ni to, to, to. Alikuwa anachambua maharage kwenye sinia, mapajani.

"Mdogo wako amepewa bunduki gani?"

"Mpya, Mama. Nzuri."

"Wewe ndiye uliyempa? Kwa mkono wako?"

"Mimi."

"Basi mimi nalala," akasema, akaendelea kutoa mawe kwenye maharage.

Nilitamani anipige. Nimerudi kambini kwa miguu, mvua yote mwilini, nikawa nasema njiani: kesho, kesho asubuhi, wallahi kesho.

21 Machi
Saa mbili asubuhi redio ya lindo imeita. Niliitwa nikasikilize kwa sababu ni neno la fundi. Sauti ya sajini ilikuwa inakatika: "...alfajiri... mtoni... tumefyatua... bombomu imesimama. Narudia, bombomu imesimama. Leteni..." Kisha mchakacho mtupu. Mpiga redio alijaribu mara kumi. Hakuna kitu.

Meja akanigeukia. "Imesimama kwa nini?"

Nikasema. Yote, tangu fomu hadi rafu, hadi tarehe kumi na saba. Nilisema nimesimama wima, mikono ubavuni, machozi yanashuka mpaka kidevuni na sikuyafuta kwa sababu hairuhusiwi kujifuta ukiwa wima.

Meja akaweka kalamu mezani. "Tangu tarehe kumi na saba," akasema.

"Ndiyo, afande."

"Ungesema siku ile, mtutu ungefika darajani tarehe kumi na tisa."

"Ndiyo, afande."

"Nenda kachukue mtutu. Adhabu yako ipo, haitaoza."

22 Machi
Ndani ya lori. Barabara ya chini imekatwa na maji, tunazunguka milimani. Mtutu uko mapajani mwangu, nimeufunga kwenye koti langu. Dereva ananiuliza kama ni mtoto. Yeye anatania. Mimi natapika kila kona.

Kichwani mwangu Kitinda amekufa mara nyingi tangu jana. Kila mara ana ile glavu mkononi. Ee Mungu, usinipe kuiona glavu.

23 Machi
Yu hai.

Nimeandika hilo kwanza. Sasa niandike mengine.

Tulifika saa sita mchana. Lindo ni magunia ya mchanga, mahema mawili na daraja la chuma, na mto wa rangi ya matope unaokwenda kwa hasira chini yake. Nilishuka nikaanza kuhesabu askari. Wa tisa, Kitinda, alikuwa amekaa peke yake juu ya sanduku la risasi. Nikapiga kelele ya furaha. Hakuinua kichwa.

Hema la pili lilikuwa limejaa watu. Wanawake, watoto, wanaume wawili watatu, wamefunikwa mablanketi ya jeshi. Nilidhani ni mateka. Sajini akanivuta kando. "Wale ndio tuliowafyatulia," akasema, akatazama buti zake.

Kitinda alinisimulia baadaye, tukiwa nyuma ya magunia, Mwali katikati yetu. Ilikuwa alfajiri ya juzi, ukungu mzito. Vivuli vilitokea mtoni, chini sana juu ya maji, vinakuja upande wao. Sajini akapaza sauti, simama, ni nani. Mto unanguruma, hakuna jibu. Akapaza tena. Vivuli vinakuja. Sajini akasema piga.

"Ulinifundisha kidogo kidogo," Kitinda akasema. "Nilikumbuka, Dada. Kidole kilikataa kutoka. Nilikuwa naogopa mno. Nilikuwa naona kama nikiachia tu, watafika."

Akapiga mkanda wote, na wa pili wakauunga. Katikati ya huo ganda likang'ang'ania ndani na Mwali akasimama. Akavaa glavu. Akafungua mfuko kutafuta mtutu wa akiba. Akatoa vifaa vyote, akaumimina mfuko matopeni, akapapasa.

"Sikuuona. Nimepiga magoti pale na glavu mkononi. Bombomu ikiwa kimya ndipo tukasikia."

"Mlisikia nini?"

"Mtu anaita. 'Jamani, sisi ni watu! Sisi ni watu!' Na mtoto analia."

Ilikuwa milango ya nyumba na mapipa matupu, vimefungwa pamoja kwa kamba. Kijiji chao cha ng'ambo kimekwenda na maji. Walikuwa ishirini na mmoja. Wanaume wawili waliokuwa mbele, wakisukuma kwa fito, wamekufa. Kumi na tisa wamo hemani.

Nikamshika mkono, akauacha ushikwe.

"Mtutu ungekuwemo, ningeubadilisha," akasema. "Sekunde sita. Nimefanya mazoezi, unajua. Pengine tano."

Nikamwambia kwamba niliufungia mimi, kwa kanuni yangu. Nikamwambia pia la pili, lililo gumu zaidi: kwamba nilijua tangu tarehe kumi na saba nikaogopa kusema, na kwamba ningesema ungekuwa umeshafika.

Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Kwa hiyo ni woga wako uliowaokoa."

"Usiseme hivyo."

"Na ni woga wangu uliowaua wale wawili."

Nikachukua vifaa nikaanza kutoa ganda lililokwama, kwa sababu mikono ilitaka kazi. Nikiwa katika hali hiyo, mama mmoja mtu mzima alitoka hemani, blanketi begani, akaja akasimama mbele yangu. Aliniangalia nikifanya kazi.

"Wewe ndiye fundi wake?"

"Ndiyo, mama."

"Ilisimama yenyewe, au mliisimamisha?"

Ningeweza kudanganya. Kitinda alikuwa ananisikiliza. "Ilisimama yenyewe," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa taratibu kana kwamba ndivyo alivyodhani. "Chuma kimechoka kabla ya mtu," akasema, akarudi hemani kwa wajukuu zake.

24 Machi
Nimeufunga mtutu wa akiba kwenye mfuko. Kitinda hakutaka. "Rudi nao, Dada," alisema. Nikamwambia wenye silaha wa ng'ambo wapo kweli, hawakuyeyuka kwa sababu alfajiri ile hawakuwa wao, na siwezi kumwacha na nusu ya bunduki. Akatia sahihi. Mwandiko wake umebadilika. Herufi zimekuwa ndogo.

Naogopa bombomu ikisimama. Naogopa isiposimama. Kabla ya safari hii nilikuwa na woga mmoja tu.

28 Machi
Mvua. Kutu tano, wakati sipo. Nimekamilisha ripoti. Katika safu ya Mwali nimeandika: "Ilisimama baada ya risasi mia tatu na kumi. Mtutu wa akiba haukuwepo. Aliyeufungia ghalani ni mwandishi wa ripoti hii." Nilikaa saa nzima sijui niyaandike upande gani wa mstari. Mwisho nikayaandika chini ya jedwali, katikati.

2 Aprili
Meja ameisoma. Mimi nimepata barua ya onyo kali, kanuni yangu imefutwa, kila mtutu utakwenda na bunduki yake. Nilitarajia jela, nikaona aibu kwa jinsi nilivyofurahi. Ndipo akaongeza.

"Ripoti nzuri. Inaonyesha wazi kwamba kwa lindo la mahali pamoja Babu wako alikuwa sahihi. Maji yapo. Tupeleke ile isiyosimama."

"Afande, wale kumi na tisa—"

"Ni bahati," akasema. "Siwezi kulinda daraja kwa bunduki ya bahati. Mwandae Bibi. Na mdogo wako ndiye atakayekuwa mpigaji, ameshayazoea mazingira."

Nimemwambia Babu Mafuta. Nilidhani atafurahi kidogo, hata kwa siri. Alikaa juu ya kigoda chake, akafuta mikono muda mrefu. "Nimeshinda," akasema. "Sikutaka kushinda hivi."

3 Aprili
Mvua. Sikulala. Nawaza Bibi alfajiri ile mahali pa Mwali, Babu akiongeza maji kwa kikombe, na hakuna mahali popote pa mtu kusikia "sisi ni watu".

5 Aprili
Nilimshika Bibi leo nikiwa peke yangu na nikajua sehemu tatu ambazo nikizigusa kidogo tu hatapiga mfululizo. Hakuna atakayejua. Nilikaa nazo mkononi. Kisha nikamwona Kitinda nyuma ya magunia, na safari hii ni wenye silaha kweli, na Bibi hapigi. Nikaviweka vyuma mahali pake, nikavikaza. Sitafunga tena kitu kwa siri, hata kwa nia njema.

6 Aprili
Mimi ni mtu wa kanuni, basi nimeandika kanuni. Nimeichonga kwenye kipande cha bati na kukifunga kwa waya kwenye miguu mitatu ya Bibi, mahali ambapo macho ya mpigaji yanatua. Maneno ni machache: "Kumi. Achia. Sikiliza. Ndipo tena."

Meja alikuja kukagua. "Sikiliza nini? Huyu hachoki."

"Chuma, afande. Mkanda wa nguo ukianza kukwama unasikika."

Ni kweli, unasikika. Akaweka sahihi. Babu alinitazama juu ya miwani yake, na jioni aliniletea chai.

9 Aprili
Bibi ameondoka na lori, na mikanda iliyoanikwa jikoni siku tatu. Babu amekwenda naye kuwafundisha watu sita. Nimempa salamu za kumpelekea Kitinda, na soksi.

10 hadi 16 Aprili
Mvua, mvua, mvua. Mama ameuliza kama bunduki ni ileile. Nimemwambia hapana, na nimemwambia yote. Hakusema kwamba atalala. Alisema, "Tutakuwa macho wote wawili basi," akanisogezea sinia la maharage tuchambue pamoja.

19 Aprili
Babu amerudi. Anasema Kitinda hakubali mtu mwingine akalie kiti cha Bibi alfajiri. Anasema kijana anasoma lile bati kwa sauti kabla ya kukaa, wenzake wanamcheka, naye hajali.

24 Aprili
Manyunyu tu. Kutu hakuna.

27 Aprili
Leo hakuna mvua. Ukungu ulikuwa mzito asubuhi, hata geti sikuliona kutoka mlangoni mwa ghala. Nilijua kama hapa uko hivi, na mtoni uko hivi. Nilivunja kikombe. Nilifungua makufuli yote matatu na kuyafunga tena bila kuingia.

Saa tatu mpiga redio akaniita. Nilikimbia, kiatu kimoja kikabaki matopeni. Ilikuwa sauti ya Kitinda mwenyewe, safi, kana kwamba yuko chumba cha pili.

"Dada, alfajiri kulikuwa na vivuli mtoni."

Babu Mafuta alikuwa amefika nyuma yangu. Nilimsikia anahema.

"Ukafanya nini?"

"Sajini alisema piga. Nikapiga kumi, juu, hewani. Nikaachia." Redio ikachakacha, nikadhani nimempoteza. "Nikasikiliza."

"Ukasikia nini?"

"Punda, Dada. Punda wanne na mzee mmoja anayewatukana. Anatutukana na sisi mpaka sasa. Yuko hapa, anakunywa chai yetu."

Nilicheka, nikasikia kicheko changu kinageuka kuwa kitu kingine, nikaziba mdomo. Babu akanyoosha mkono akanipokonya kidude cha kuongelea. Swali lake lilikuwa lilelile analouliza kila mara Bibi anapofyatuliwa, tangu sijaanza kazi.

"Kijana, maji yamechemka?"

"Hapana, Babu," akasema Kitinda. "Nimetia kidole. Ya baridi."